Nilivyojifunza solo ya bluzi kwa betri zilizochoka, Old Moshi

Wakuu, salaam. Wanaonizidi umri shikamooni, waliobaki marahaba hata kama hamjaniamkia.

Juzi humu kuna kijana alileta swali kwamba anajifunza solo za blues, anazipunguza speed kwenye simu, anazikopi noti kwa noti, lakini akienda kupiga na wenzake anaonekana kituko. Majibu aliyopewa yalikuwa ya kumtukana zaidi kuliko kumsaidia. Nikaona nisimjibu kule, nifungue uzi wangu, kwa sababu yaliyompata yalinipata mimi kabla baba yake hajaoa.

Sitaongeza chumvi. Chumvi yenyewe ilikuwa ya shida miaka hiyo.

Mimi ni wa Old Moshi, kule juu ukipandisha kutoka Kiboriloni. Nyumbani kahawa, migomba, ng'ombe wawili watatu wa ndani. Baba alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na asiyecheka ovyo.

Kwetu tulizaliwa wavulana watatu na mimi ni wa kati. Kwa wasio Wachaga niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtanielewa. Kihamba ndiyo shamba la ukoo, lenye nyumba, migomba na makaburi ya mababu. Kwa desturi mtoto wa kwanza hupata sehemu yake, na wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi. Wa kati anaombewa dua.

Utani huo. Wa kati anatakiwa ajitafutie, na kama ardhi ikibaki anaweza kukatiwa kipande. Kwetu ardhi ilikuwa imeshabana, kwa hiyo baba alikuwa na mpango wake: msimu wa kahawa ukiisha, niende Tarakea kwa mjomba nikasaidie dukani. Tatizo ni kwamba mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa, na duka la mjomba lilikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Ningeenda kufukuza nzi. Sikutaka kabisa kwenda.

Nilichotaka ni gitaa.

Gitaa nilijifunza kwenye kwaya ya vijana. Lilikuwa gitaa kavu, lisilotumia umeme, limepasuka ubavu, na nyuzi zake hazikuwa za gitaa. Nyuzi halisi zilikuwa zinatoka Nairobi, na Nairobi ndiyo hiyo imefungwa. Tulichukua waya wa breki ya baiskeli, tukaufumua, tukatumia nyuzinyuzi zake. Ukiukandamiza waya ule unauma kama umeshika mkia wa nge. Vidole vyangu vilikuwa na sugu kama visigino.

Sasa mjini kulikuwa na bendi ya kiwanda kimoja, jina naliacha. Wazee wenzangu mnakumbuka utaratibu ule. Mwanamuziki anaajiriwa kiwandani kama mfanyakazi yeyote, siku za kazi yuko kwenye mashine au stoo, mwisho wa wiki yuko jukwaani. Ana mshahara, ana chumba, akiumwa anatibiwa. Kwa mtoto wa kati hiyo ilikuwa njia ya kutoka.

Na mpiga solo wao alikuwa amevutwa Dar na bendi kubwa. Nafasi ilikuwa wazi.

Bendi hiyo ilikuwa inapiga rumba na chacha kama wengine, lakini kilichowavuta vijana kwenye bugi lao, lile dansi la Jumapili mchana, ni kile kipande cha bluzi. Mnaokumbuka bugi mnakumbuka: rumba, rumba, twisti, halafu kinapigwa kitu cha taratibu, waliokuja na wapenzi wanasogea katikati, tusio nao tunasogea ukutani kunywa soda. Mpiga rumba ungempata kila kona ya Moshi. Wa bluzi hakuwepo. Nikajiambia, nikiijua bluzi moja tu, moja nzima, kazi ni yangu.

Hapo ndipo anapoingia Amin.

Amin nilisoma naye sekondari. Familia yao ni Waismailia, walikuwa na duka la vitambaa mjini, na wakati ule walikuwa wanajiandaa kuhamia Canada kama wengi wao walivyofanya. Alikuwa na santuri za kila aina, na moja ilikuwa ya mzee mmoja mweusi wa Marekani anayepiga gitaa utadhani limefiwa. Nilipomwambia Amin shida yangu hakunizungusha.

"Chukua santuri, chukua na mashine," aliniambia. "Siku tukifunga mizigo utanirudishia. Lakini Sante, bwana wewe, sindano usiiguse na mikono yako ya kulishia ng'ombe."

Mashine yenyewe ya kupigia santuri ilikuwa ndogo ya mkononi, kama sanduku la shule, na mfuniko wake ndiyo spika. Inatumia betri kubwa, zile tulizoziita mawe. Kwetu umeme haukuwa umefika, kwa hiyo ilinifaa.

Betri sasa. Vijana hamjui shida ya betri. Dukani zililetwa kwa msimu kama kumbikumbi, na zikija zinapita chini ya meza. Betri zikichoka huzitupi. Unazianika juani, zinapata nguvu kidogo, unasikiliza, zinachoka, unazianika tena.

Mimi nilizianika kwenye kichanja cha kahawa, katikati ya kahawa ya baba. Siku moja akazikuta.

"Elisante," akaniita, ameshika betri moja kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Hii nayo ni kahawa?"

"Hapana baba."

"Kahawa hii inakwenda mnadani. Wakinunua na mawe yako watasema sisi wa Old Moshi ni wezi."

Nikazihamishia juu ya banda la ng'ombe. Lakini nyie mnaijua hali ya hewa ya mlimani. Miezi ya ukungu jua linatokea kama mgeni asiyetaka kula, anachungulia na kuondoka. Kwa hiyo betri zangu karibu siku zote zilikuwa hoi.

Na mashine ikiwa na betri hoi, sahani inazunguka polepole.

Mimi nilipenda. Noti zilikuwa zinatembea taratibu, moja moja, kama washarika wanaotoka kanisani. Niliweza kuzidaka zote. Nilikuwa nasikiliza kipande, nasimamisha, natafuta kwenye gitaa, nikikipata narudia mpaka mama ananiambia hata ng'ombe wamekariri. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kila kitu tangu utoto. Kwenye mafundisho ya kipaimara tulikariri katekisimu, swali na jibu, neno kwa neno, ukikosea fimbo. Solo ya bluzi niliichukua kwa njia hiyohiyo.

Kuna jambo lilinisumbua kidogo. Jua likiwaka, yule mzee wa Marekani sauti yake ilikuwa inapanda. Kukiwa na ukungu inashuka. Nikadhani labda ndivyo bluzi ilivyo, inategemea na huzuni ya mtu siku hiyo.

Msinicheke. Ningemuuliza nani?

Ili nisipotee nikaenda kupima kwa kinanda cha kanisani. Nilikwenda na wimbo mdomoni, nikautafuta kwenye kinanda, nikaupata: G. Nikafurahi sana. Kinanda cha kanisa hakidanganyi. Nikapanga solo nzima kwenye G, na kwa sababu waya za breki zilikuwa zinanikata vidole, popote nilipoweza nilitumia nyuzi za wazi, zile unazozipiga bila kukandamiza. Kwenye G nyuzi za wazi zinakusaidia sana. Msimu wa kahawa ulipokaribia mwisho nilikuwa naijua nzima bila kukosea hata kidogo.

Jumamosi moja mchana nikashuka mjini kwenye ukumbi wao wa mazoezi.

Kiongozi wa bendi alikuwa Bwana Mhando, mtu wa Tanga, mwembamba, mpole wa maneno. Yeye ndiye mpiga ridhimu na ndiye mtunzi. Nikamwamkia, nikajieleza kwamba naweza bluzi. Nikamtajia na santuri.

"Wallahi? Hiyo tunayo, tumeitia maneno yetu," alisema. "Unaipiga key gani?"

"G."

Wakatazamana. Mpiga besi akasema wimbo ule uko A. Na mimi kwa kiburi cha aliyekwenda na ushahidi nikamwambia, "Ni G. Nimeipima na kinanda cha kanisa."

Ukumbi ulicheka. Mimi nilidhani wanacheka kanisa.

Nikapewa gitaa la umeme, mara yangu ya kwanza kulishika. Wakaanza. Walikuwa wanakwenda mbio, au mimi ndivyo nilivyoona. Nilipoingia na solo yangu nilikuwa G na wao A. Wakuu, mmewahi kusikia mlango wa bati unaoburuzwa kwenye saruji? Bwana Mhando akasimamisha, akasema mwimbaji wake sauti yake iko A na haishuki, nisogeze tu vidole juu freti mbili, vile vyuma vya shingo ya gitaa.

Nikasogeza. Ndipo nikagundua kwamba nusu ya solo yangu ilikuwa ni nyuzi za wazi, na uzi wa wazi hausogei. Uko palepale ulipozaliwa. Nikawa napiga noti moja sahihi, moja ya shetani.

Halafu nikafika pale pa kuvuta uzi. Mnaopiga bluzi mnapajua, unausukuma uzi kando mpaka noti inapanda na kulia. Kwa waya wa breki ile ni kazi ya kubeba gunia. Kidole changu kilikuwa kimezoea nguvu hiyo, na uzi ule wa bendi ulikuwa laini kama wa kushonea. Nikausukuma.

Ukakatika.

Uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa. Ulimkosa mpiga tumba jichoni kidogo tu. Hakuna aliyecheka safari hii, kwa sababu wote walijua kwamba hakuna mwingine.

Nilitamani ardhi ipasuke. Naandika leo nikiwa mzee, na bado masikio yanapata moto.

Bwana Mhando hakupandisha sauti. Aliukunja ule uzi, akautia mfukoni.

"Kijana, umeihifadhi vizuri mno," alisema. "Lakini bluzi si ya kuhifadhi. Mwimbaji anasema lake, gitaa linamjibu. Wewe mwimbaji wangu hukumsikia hata neno moja. Aliimba nini?"

Sikujua.

"Ndiyo hivyo. Haya, mimi mtu wa bluzi sina, na bugi la mwezi huu watoto watanizomea. Njoo siku hiyo upige mbele yao. Ikikaa, una kazi. Isipokaa, tusisumbuane tena. Na uzi mwingine sina, utapiga kwa hizi tano ulizotuachia."

Nilimwomba anitajie maneno. Aliniimbia pale pale, polepole, mkono mfukoni:

Nimeamka asubuhi, chai haina sukari,
nimeamka mie asubuhi, chai haina sukari,
na mpenzi kaniaga jana, kaongozana na dereva wa lori.

Bugi lilikuwa Jumapili ya tatu kutoka hapo. Nilipofika nyumbani baba akaniambia mjomba ameshajulishwa, ananitegemea Tarakea wiki ileile. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: bugi au rafu tupu.

Wiki iliyofuata Amin akaniita mjini. Walikuwa wanafunga mizigo. Nikamrudishia mashine, nikamsimulia aibu yangu, naye akanishika mkono mpaka sebuleni kwao ambako kulikuwa na redio kubwa ya santuri inayotumia umeme. Akaiweka sahani.

Ilianza, na sikuutambua wimbo.

Yaani niliujua na sikuujua. Ulikuwa unakwenda haraka kuliko wangu, uko juu kuliko wangu, na yule mzee niliyemdhania ana huzuni ya kufa kumbe alikuwa anatania. Ni wimbo wa kuchekesha! Nilikuwa nimeomboleza miezi mizima kwenye harusi ya watu.

"Sante," Amin akaniuliza, "betri ulikuwa unabadilisha?"

"Nilikuwa naanika."

Amin alicheka mpaka akaketi sakafuni kati ya maboksi. Mama yake akaja kuangalia kuna nini, akaelezwa kwa Kigujarati, naye akacheka, halafu akanihurumia akaniletea chai. Chai ya watu wale ilikuwa na sukari, sijui waliipata wapi.

Tulipoagana Amin alinipa ile santuri iwe yangu. Mashine ilikwenda nao. Alisema atakuja kwenye bugi kama mizigo itaruhusu. Haikuruhusu. Sikumwona tena, na mpaka leo nikimkumbuka naumia, maana hakuwahi kusikia kilichotokana na santuri yake.

Kwa hiyo nikapanda mlima na sahani isiyo na cha kuipigia. Mama aliifanya kifuniko cha chungu cha maziwa. Hapo nikawa sina pa kukopi. Nina gitaa, nina maneno ya sukari, na kichwani nina solo ndefu iliyo key siyo, speed siyo, na nusu yake ni nyuzi za wazi zisizosogea.

Jambo la kwanza nililofanya, niliutoa uzi wa kwanza kwenye gitaa langu. Kama siku hiyo nitapiga kwa tano, basi nizoee tano. La pili, nikajikataza nyuzi za wazi. Kila noti nikaitafuta upya, mahali pa kukandamiza, kwenye A. Ikawa kama kuhama nyumba usiku bila taa. Kila kitu ni chako na hujui kiko wapi.

Noti nyingi za juu hazikuwepo tena kwa sababu zilikuwa zinakaa kwenye ule uzi niliokata. Nikawa nazishusha chini, kwenye nyuzi nene, na huko zikawa na sauti nyingine kabisa, ya mtu mzima. Na kwa kuwa niliogopa kukata uzi mwingine, pale pa kuvuta nikawa nateleza, kidole kinaanzia chini kinaserereka mpaka noti ninayoitaka.

Lakini bado ilikuwa ndefu mno. Nikiimba mstari wa sukari halafu nipige solo yangu, mstari wa pili unanikuta katikati ya sentensi. Kiswahili kina maneno marefu, wakuu. Yule mzee wa Marekani aliimba vineno vifupi, akabakiza nafasi kubwa ya gitaa. "Chai haina sukari" inakula nafasi yote.

Jumapili iliyotangulia bugi nilikuwa kanisani, baba benchi la mbele kama kawaida. Mchungaji akaanza liturgia. Yeye anaimba maneno mengi, sisi tunajibu machache. Anaimba tena, tunajibu. Nimekuwa nikijibu hivyo tangu nikiwa mgongoni kwa mama na sijawahi kulifikiria. Siku hiyo nikawaza, hivi washarika tungejibu kwa kurudia mahubiri yote tangu mwanzo, si tungelala humu?

Basi ndicho nilichokuwa nakifanya na lile gitaa.

Ibada yote iliyobaki sikuisikia. Mwimbaji anaposema hana sukari, gitaa halitakiwi kusoma risala. Linatakiwa kuguna. Mtu jirani yako akikwambia hana sukari unamjibuje? "Eeeh." Au "Pole." Au unamcheka. Jibu fupi, halafu unanyamaza asikie kwamba umesikia.

Nikarudi nyumbani, nikatoka na gitaa nyuma ya banda, nikaanza kuimba mwenyewe na kujijibu. Katika solo nzima ya yule mzee nikachagua vipande vichache, vile ambavyo hata ukiniamsha usingizini navipiga, vingine vyote nikaviacha. Niliona uchungu kuviacha, nilivitolea jasho. Kila mstari nikaupa jibu lake. Mstari wa kwanza pole. Wa pili, kwa kuwa maneno ni yaleyale, jibu lilelile lakini limepindishwa mwishoni, kama mtu aliyeanza kushuku. Wa tatu, pale mpenzi anapoondoka na dereva wa lori, kicheko.

Mama alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Akaniambia, "Leo hilo gitaa linasema. Siku zote lilikuwa linasoma."

Siku ya bugi nilivaa suruali ya kwaya. Wenzangu ukumbini walikuwa na suruali za bugaluu zinazofagia sakafu na viatu vya raizoni vya kuongeza urefu, mimi na kisuruali changu cheusi nilifanana na mhudumu wa mazishi. Ukumbi umejaa, vumbi, jasho, soda za moto. Bwana Mhando akanipa gitaa lenye nyuzi tano.

Rumba zilipita nikiwa nimesimama nyuma nasindikiza. Halafu akanigeukia, akanipa ishara kwa kichwa.

Niwaambie ukweli, mkono wangu ulitaka kupiga ile solo ya zamani. Miezi yote ile vidole havikusahau. Mwimbaji alipomaliza "sukari" ya kwanza, vidole vilikuwa tayari vinakimbilia mahali ambapo uzi haupo. Nikavizuia. Nikapiga lile jibu la pole, noti chache tu kwenye nyuzi nene, nikateleza mpaka juu, nikanyamaza.

Halafu mtu fulani mbele, dada mmoja mnene aliyevaa sare ya uuguzi, akasema kwa sauti, "Ee, mwambie!"

Watu wakacheka. Mwimbaji naye akatabasamu, akaingia mstari wa pili kwa kuuvuta, akinitazama mimi. Nikamjibu. Kwenye dereva wa lori ukumbi mzima ulisikia gitaa linacheka, wakacheka nalo. Nilifurahi wakuu. Sijui niandikeje zaidi ya hapo.

Zamu ya solo yenyewe ilipofika sikukimbia. Nilipiga vile vipande vyangu, nikaacha nafasi, nikapiga, nikaacha. Nilimaliza mapema kuliko ilivyopangwa, na mpiga dramu akanitazama kwa wasiwasi akidhani nimekwama. Bwana Mhando akampa ishara aendelee tu. Duru ile ikaenda na besi na dramu tu mpaka mwimbaji aliporudi, na ndiyo sehemu ambayo baadaye watu walikuwa wanaiomba.

Tulipokuwa tunafungasha vyombo alinijia.

"Kesho asubuhi uje getini uniulizie," alisema. "Na uzi unautafuta wewe."

Nilipanda mlima nikiimba. Nyumbani nikamkuta baba anakula mtori. Nikamwamkia, nikamwambia nimepata kazi kiwandani. Akauliza kazi gani. Nikasema stoo, na gitaa. Akauliza kama kuna mshahara, nikasema upo. Akamaliza bakuli lake taratibu, akasema basi atamjulisha mjomba. Kuhusu gitaa hakusema lolote, siku ile wala miaka iliyofuata. Ukumbini hakuwahi kukanyaga.

Nilipiga na bendi ile miaka mingi, mpaka viwanda vilipoanza kuyumba na bendi zikawa za kwanza kufa.

Kabla ya hapo, baba alipoona nguvu zinampungua aliita kikao cha ukoo, agawe kihamba akiwa hai watoto wasije wakagombana. Wazee wote walikuwepo, wajomba, majirani. Kaka akaonyeshwa sehemu yake, kuanzia mfereji mpaka kwenye mti wa mpaka. Mdogo wangu akapewa nyumba na migomba inayoizunguka.

Mimi nilikuwa nimekaa nasubiri. Moyoni nilitegemea kipande, hata kidogo, hata pa kujenga kibanda cha kufikia Krismasi.

Mjomba wa Tarakea ndiye aliyeuliza. "Na Elisante?"

Baba akanitazama. "Elisante ana kazi yake," akasema. "Anapiga gitaa. Huyo alishajitosheleza."

Wazee wakaitikia kwamba ni kweli, wakanisifu, na kikao kikaendelea na mambo ya ng'ombe.

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza baba kuliita gitaa kazi. Alilisema mbele ya ukoo mzima na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejivunia. Na ni kwa neno hilohilo nilikosa ardhi. Nilitaka kulia na nilitaka kumkumbatia, sikufanya hata kimoja. Nilisema, "Asante baba." Jibu fupi, nikanyamaza.

Sasa nimrudie yule kijana wa kwenye simu. Kupunguza speed si kosa, mimi mwenyewe betri zilinipunguzia na bila hivyo nisingedaka kitu. Kopi yote, ikariri kama katekisimu ukitaka. Lakini ukienda kwa wenzako iache nyumbani kwa sehemu kubwa. Chukua vipande viwili vitatu unavyovipenda, uvitafutie key ya mwimbaji wako, na umsikilize anaimba nini. Kama hujui anaimba nini hujaanza kupiga. Na hakikisha kwanza hicho unachokopi kinazunguka kwa speed yake.

Ni hayo tu. Mliokuwa mnahudhuria mabugi ya Moshi enzi hizo jitokezeni, na wapiga magitaa mnaoona nimekosea nikosoeni bila matusi. Wa kati wenzangu nanyi semeni, mliishia wapi?